Uchumba wa Sare za Shule

Hapa Songea vijana wa sekondari huulizana: wawili wakipendana, je, ni lazima watangaze kuwa wao ni wachumba?

Mimi nasema hapana. Uchumba una taratibu zake: kuna mshenga, barua ya posa, na wazee wa pande mbili. Kijana wa kidato cha tatu hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachokiita uchumba ni urafiki uliovikwa koti la baba.

Tena jina hilo ni zito. Msichana akishaitwa mchumba wa fulani, hujiona amefungwa. Akikataa asilolitaka, huambiwa msaliti. Na mahakamani jina halimkingi mtu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Hayaulizi kama mlichumbiana. Ni kweli, tangu 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Lakini mtoto atalelewa na bibi, si na jina.

Wazazi wenzangu, tusifoke. Tuwaambie watoto wetu kuwa urafiki unatosha, uchumba utasubiri posa.