Daftari la Dizeli

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Lulembela, Ushirombo na vijiji vya jirani, na nyinyi wanangu mnaohitimu leo fani ya umeme:

Muradi wangu hapa Masumbwe ni kunena nanyi juu ya neno moja, ruzuku, ambalo wengi hulisikia kama sadaka imwangukiayo mwenye bahati, ilhali katika kazi ya nishati safi humfuata yule aliyekwisha kupima.

Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyoleta Mfuko wa Nishati Vijijini na Wakala wake, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Na katika mradi mmoja uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, aliyejenga mtambo mdogo wa umeme kijijini alihesabiwa ruzuku ya dola 500 za Marekani kwa kila mteja mpya aliyemwunganisha. Litazameni sharti hilo kwa makini, wanangu, kwa kuwa kipimo chake ni mteja aliyeunganishwa, mwenye nguzo, waya na mita yake.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyepata kukosa. Miaka kadhaa nyuma nilikiandikia kikundi cha wachimbaji ombi la msaada wa paneli za jua kwa ajili ya karasha lao, mashine ya dizeli ya kusaga mawe, nikajaza kurasa 12 kwa habari za vumbi, moshi na dhiki, zote za kweli. Ombi likarudi na swali moja pambizoni: mashine hii inakunywa lita ngapi kwa siku? Hapakuwa na mtu wa kujibu.

Ndipo fundi wa mashine, kijana wa rika lenu, alipochukua daftari la shule akalichora safu tatu, ya lita, ya saa na ya viroba vya mawe vilivyosagwa, akaliweka juu ya pipa, na kila jioni akaandika kwa vidole vyenye grisi hata kurasa zikanuka dizeli. Mwezi ulipokwisha tukaona ajabu: siku ambazo mkanda ulilegea, lita zilipanda na viroba havikuongezeka. Basi tukaanza kwa kukaza mkanda, kazi isiyohitaji mfadhili yeyote, na paneli tulizoziomba baadaye zikawa chache kuliko zile za kwanza. Ombi la pili lilikuwa na kurasa 3, wala halikurudi na swali.

Milango ya fedha ipo, na mingine i karibu kuliko mnavyodhani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni deni la kurejeshwa, wala msilichanganye na ruzuku, lakini kikundi cha mafundi watano chaweza kuanzia hapo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo ifikapo 2034. Na wafugaji wa nchi hii yetu ya ng'ombe wangefaa kujua kwamba programu ya biogesi ya kaya, iliyoanza mwaka 2009 chini ya kituo cha CAMARTEC cha Arusha, iliwachukulia watu sehemu ya gharama za mtambo. Nani atakayewahesabia samadi ya zizi, ikiwa si nyinyi?

Mkuu wa chuo ameniruhusu kubaki hadi kesho. Saa mbili asubuhi nitakuwa karakanani, na kila atakayependa tuandike ombi pamoja, apite kwanza leo jioni kwenye mashine moja, ya kusaga unga au mawe, amwulize mwenyewe imekunywa lita ngapi tangu asubuhi, aandike hesabu hiyo, aje nayo.