Zizi la gavana na muziki wa watoto

Jijini Sydney, kando ya bustani kuu ya mimea, lipo jengo lenye minara mfano wa ngome. Mchoraji wake, Francis Greenway, alipelekwa Australia akiwa mfungwa kwa kosa la kughushi hati. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1821, nalo halikukusudiwa muziki hata kidogo: lilikuwa zizi la farasi wa gavana. Leo ni makao ya Sydney Conservatorium, shule iliyoundwa mwaka 1915 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1990. Miongoni mwa wanaosomea humo ni walimu wa muziki wa kesho.

Hapo ndipo penye utata. Mwanafunzi wa ualimu huwa amekwisha kutumia miaka mingi akinoa kidole chake kwenye piano au fidla. Darasani atakutana na watoto wa lugha nyingi, wengine wakimbizi, wasiojua kusoma nota hata moja. Je, ni watoto wasio na muziki?

Mtaalamu Kathryn Marsh, aliyefundisha katika shule hiyo, alikwenda kuwasikiliza uwanjani wakati wa mapumziko. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 alionyesha kuwa michezo yao ya kuimba na kupigana makofi ina midundo migumu kuliko nyimbo nyingi wanazotungiwa na wakubwa. Ni jambo ambalo bibi yeyote wa pwani angelisema bila utafiti, lakini vyuo husadiki kilichoandikwa.

Basi mwalimu naye hana budi kuonja kuwa mgeni. Katika shule hiyo wamekuwapo waliojifunza gamelan, muziki wa shaba wa kisiwa cha Bali. Hufundishwa kwa kusikiliza na kuiga. Sauti ya mmoja hujaza pengo la mwenzake, na fundi wa piano hukaa sawa na asiyewahi kushika ala. Wasikilizaji wa Uganda wataikumbuka amadinda ya Wabaganda, ambapo wapigaji wawili hukaa wakitazamana na kupishana pigo kwa pigo, hata asijulikane nani kapiga lipi.

Kinachobaki kuwasumbua wakufunzi ni mtihani: katika muziki wa namna hiyo, alama apewe nani?