Majumba ya Machungwa: Menton na Mombasa

Katika nchi ya Ufaransa kuna mji mdogo uitwao Menton, ulio pwani ya Bahari ya Mediterania, mpakani kabisa na Italia. Kila mwaka, mwezi wa Februari, watu wa mji huo hufanya sikukuu ya ajabu. Hujenga ngome, ndovu, mashua na masanamu ya watu, mengine yakifika urefu wa mita 10, na vitu hivyo vyote huvikwa malimau na machungwa. Si matunda ya kuchonga kwa mti wala ya kupakwa rangi. Ni matunda yenyewe, yaliyotoka shambani.

Asili ya jambo hili ni biashara, wala si aibu kulisema hivyo. Mnamo mwaka wa 1929 mwenye hoteli mmoja alifanya maonyesho ya maua na matunda katika bustani yake, wageni wakapendezwa mno. Na mwaka wa 1934 shughuli hiyo ikawa sikukuu ya mji mzima. Kila mwaka huchaguliwa habari moja ya kuonyeshwa. Mwaka wa 2018 habari hiyo ilikuwa sinema za Bollywood, ambazo watu wengi wa Mombasa wanazijua vema kuliko Wafaransa.

Kazi yenyewe yataka subira. Mafundi hutengeneza kiunzi cha chuma, hukivika wavu, kisha hulifunga tunda moja moja kwa mpira mwembamba, kwa mkono, hadi chuma chote kifichike. Matunda ya sikukuu moja ni kiasi cha tani 140, na mipira ya kufungia huhesabiwa kwa malaki. Lioneshalo dalili ya kuoza huondolewa upesi na kutiwa jingine, maana uozo haukai mahali pamoja. Mwanamke wa Mji wa Kale aliyezoea kutunga asumini, ua kwa ua, tangu alasiri hata magharibi, angeifahamu kazi hiyo bila ya kufundishwa.

Lakini liko neno moja ambalo mgeni huenda asiambiwe. Matunda hayo, kwa sehemu kubwa, si ya Menton, hununuliwa Hispania. Zamani mji huo ulisifika kwa malimau yake, nao ulikuwa ukiyauza nchi za mbali. Siku hizi mashamba yamepungua, na limau la Menton limekuwa tunda la thamani, lililopewa hifadhi ya jina lake na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2015. Kulifunga tunda kama hilo juu ya chuma kungekuwa hasara tupu.

Na hapa mzee wa Mombasa atauliza: je, kuchezea chakula namna hii si israfu? Swali hilo ni la haki, wala lisijibiwe kwa mzaha. Watu wa Menton husema kwamba sikukuu ikiisha, matunda yaliyo mazima huuzwa kwa bei nafuu, na watu huyanunua wakapika jamu. Jibu hilo latosha kwa nusu. Yale yaliyooza kwa jua na mvua hayaliwi na mtu.

Mombasa ina haki ya kuuliza, kwa sababu heshima yake kwa matunda haya ni ya kale. Lugha yenyewe ni shahidi: chungwa, danzi, chenza, balungi, furungu, limau na ndimu, kila moja lina jina lake na kazi yake. Samaki haoshwi bila ya ndimu, na muhogo wa kuchoma bila ya ndimu na pilipili ni chakula cha mgonjwa.

Tena iko habari iliyoandikwa. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya kisiwa cha Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wamekwisha kuteswa njiani na kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba ufizi na miguu. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau tele. Mreno aliyeandika kumbukumbu za safari asema kuwa wagonjwa wao walipona walipofika hapo, naye akausifu upepo mzuri wa mahali hapo. Yamkini aliusifu upepo kwa kazi iliyofanywa na machungwa. Mwaka wa 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwagawia mabaharia wagonjwa dawa mbalimbali, na waliopata machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo serikali yake haikuamuru maji ya limau katika manowari zake mpaka mwaka wa 1795.

Zawadi ile haikuleta urafiki. Pande mbili zilishukiana, merikebu zikaenda Malindi. Na mwaka wa 1505 Wareno wengine, chini ya Francisco de Almeida, waliuteka mji wa Mombasa wakautia moto.

Kumbukumbu kubwa inayoonekana leo barabarani Mombasa ni pembe nne za ndovu katika Moi Avenue, zamani Kilindini Road. Za kwanza zilisimamishwa mwaka wa 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na hizi za sasa ni za aluminiamu. Machungwa ya mwaka wa 1498 hayana sanamu.

Kama watu wa kisiwa wangetaka kulijenga, wasiige mwezi wa Menton. Februari kule ni wakati wa baridi, na tunda hudumu siku nyingi. Mombasa ni kaskazi, joto kali, na chungwa lililofungwa Jumatatu lingeanza kulainika kabla ya Ijumaa. Wangoje kusi, Juni hata Agosti, na wajenge kivulini.