AKILI HUIMARISHWA KWA KIDOGO KINACHODUMU

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.



Maudhui yetu jioni hii ni namna ya kuiimarisha akili ili mja aweze kuyafikia malengo aliyojiwekea. Tumeyachagua kwa sababu kila mwaka, unapoandama mwezi wa Shawwal, tunashuhudia jambo lile lile. Walioazimia ndani ya Ramadhani kuhifadhi juzuu, kujifunza Kiarabu au kurejea masomoni, huwa wameshayaweka maazimio yao kando kabla mwezi haujamalizika. Kisha hujihukumu wenyewe: "Mimi sina akili ya kusoma," au "Umri umeshanipita." Hukumu hiyo ndiyo tunayokusudia kuipinga.

Kosa lililo letu

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika madrasa tunayosomesha, alikuwapo kijana mwenye hima kubwa. Ndani ya Ramadhani moja alihifadhi juzuu nzima ya Tabaraka. Siku ya Idi tulimsimamisha mbele ya jamaa, akasoma, watu wakaleta takbira, nasi tukajiona tumefanya kazi. Baada ya Idi tukamhamishia juzuu nyingine, bila ya kumpangia muraja'a wa ile ya kwanza.

Ilipofika Mfunguo Tatu tulimtaka asome Suratul Mulk mbele ya wageni. Alikwama katika aya za mwanzo, akarudia, akakwama tena, kisha akatokwa na machozi. Kesho yake hakuja madrasa. Baba yake alitueleza kwamba mtoto alikuwa akizunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni kwetu, kwani aliamini kuwa kichwa chake kina kasoro. Kwa hakika kichwa chake hakikuwa na kasoro yoyote. Kilifanya kile ambacho kila kichwa cha mwanadamu hufanya. Aliyekosea ni mwalimu.

Kusahau kuna kanuni zake

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Qur'ani humponyoka mtu upesi zaidi kuliko ngamia wanavyochomoka katika kamba zao, na akatuhimiza tuishike kwa kuirejea. Zingatieni kwamba maneno haya waliambiwa Masahaba, watu waliosifika kwa kuhifadhi. Basi kusahau si dalili ya upumbavu. Ni maumbile, na dawa yake ni kurejea.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kuwa sehemu kubwa ya alichohifadhi ilipotea katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha upotevu ukapungua kasi. Aliona pia kuwa marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali yana faida zaidi kuliko yaliyorundikwa kwa mara moja. Hatutaji habari hii ili kuitafutia dini ushahidi. Tunaitaja ili ndugu yetu aliyekata tamaa ajue kwamba linalomsibu linawasibu wote.

Mwenendo wa waliotangulia

Allah (S.W.) angetaka, angeiteremsha Qur'ani yote kwa Mtume wake kwa mara moja. Wapinzani waliuliza kwa nini haikuwa hivyo, nao wakajibiwa katika Suratul Furqaan, aya ya 32, kwamba hekima yake ni kuuthibitisha moyo wa Mtume (S.A.W.). Iliteremka kidogo kidogo kwa takriban miaka 23. Ikiwa moyo ulio bora kuliko nyoyo zote uliimarishwa kwa mpango huo, sisi ni nani hata tuifanyie haraka akili yetu?

Abu Abdir-Rahman As-Sulami, katika Taabi'ina, ameeleza kuwa waliowasomesha Qur'ani walikuwa wakichukua aya 10, wala hawakuzivuka mpaka wamezijua na kuzifanyia kazi. Naye Imam Malik ametaja katika Muwatta habari iliyomfikia kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) alikaa miaka 8 akijifunza Suratul Baqara. Miaka 8 kwa sura moja! Hakuna aliyethubutu kusema kuwa Ibn Umar alikuwa mzito wa akili.

Ama wanaosema umri umewapita, nao wazingatie mfano huu wa kidunia. Mjini London, anayetaka leseni ya kuendesha teksi nyeusi hulazimika kuhifadhi mitaa ipatayo 25,000, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 4. Mwaka 2011 watafiti wa University College London walitangaza habari za watu wazima 79 waliowafuatilia tangu walipoanza mafunzo hayo. Waliofaulu, 39 kwa idadi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali ilionekana kuongezeka, wasiofaulu haikuongezeka. Ni dhahiri kwamba akili ya mtu mzima bado hukua kwa mazoezi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuchague jambo moja. Mwenye kuazimia mambo matano kwa pamoja huamka na matano yote yakiwa yamelala. Na jambo hilo lipimike. Qur'ani ina aya 6,236 kwa hesabu iliyo mashuhuri. Anayehifadhi aya 5 kwa siku huzipitia zote kwa takriban miaka 3 na miezi 5. Akitumia siku nyingine kwa muraja'a, zikawa 7, je, hiyo si heri kuliko miaka 20 ya kutamani?

Pili, tulipangie wakati na mahali. Nia ndiyo roho ya amali, lakini isiyo na saa yake hubaki kuwa matamanio. Tulipokwenda ughaibuni kwa masomo ya juu tulidhani Kiarabu chetu kinatosha. Katika mhadhara wa kwanza, wa saa nzima, tuliandika maneno manne tu daftarini, na usiku ule tulifikiria kurudi nyumbani. Lililotuokoa ni maneno 10 kila siku baada ya swala ya Alfajiri, kwenye nguzo ile ile ya msikiti, kisha kujisomea tena maneno hayo baada ya Isha. Mwaka ulipotimia tulikuwa tukimwuliza mhadhiri maswali.

Tatu, tutangulize muraja'a kabla ya jipya. Mwenye kujenga huangalia ukuta wa jana kabla ya kupandisha mwingine. Hili ndilo tulilomnyima kijana wetu.

Nne, tuilinde akili na vinavyoitawanya. Simu inayowekwa mbele ya msahafu hugawa moyo hata ikiwa kimya. Iachwe chumba kingine kwa nusu saa. Aidha, usingizi upewe haki yake, kwa kuwa kichwa kilichokesha hakishiki.

Anayeteleza

Hata tukiyafuata hayo, ipo siku itatupita. Mtoto ataumwa, kazi itazidi, uvivu utatushinda. Hapo ndipo shetani humwambia mtu: umeshaharibu, acha. Mwaka 2010 watafiti wa chuo hicho hicho walitangaza habari za watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Iliwachukua kwa wastani siku 66, wengine 18 tu, wengine zaidi ya 200, na kuikosa siku moja hakukubomoa kilichokwisha jengwa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Allah ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Anayeteleza leo na kurudi kesho hajatoka katika kudumu. Wahenga nao walisema: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Tulikwenda nyumbani kwa yule kijana. Tulimwambia mbele ya baba yake kuwa kosa lilikuwa letu, tukamwomba radhi. Tulianza naye upya kwa aya tatu kwa siku, na ya jana husomwa kabla ya ya leo. Hatukumsimamisha tena mbele ya watu mpaka alipotaka mwenyewe. Suratul Mulk sasa anaisoma akiwa anatembea njiani, na njia hiyo inapita mlangoni kwetu.

Ndugu Waislamu, kabla ya kutoka msikitini usiku huu, kila mmoja wetu achague jambo moja, alitajie wakati wake, na amwambie ndugu mmoja atakayemwuliza Ijumaa ijayo. Na mwenye mtoto aliyeacha chuo kwa aibu, amrudishe kwa upole.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, azithibitishe nyoyo zetu na atujaalie kudumu katika kheri. Wabillaahi tawfiiq.

Wassalaamu 'alaykum wa rahmatullaahi wa barakaatuh.