Nusu Siku katika Mji wa Kale wa Mombasa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

  Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aiweke karibu, maana mwisho wa somo nitauliza maswali.

Somo letu la leo ni matembezi ya nusu siku katika Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na kiongozi. Madarasa mengi hupenda kufanya safari yakimaliza kitabu cha kwanza, na safari hii haina gharama kubwa. Lakini wako watu wanaodhani kwamba kutembezwa mjini ni jambo la wageni watokao ng'ambo, wenye kofia pana na kamera shingoni. Mawazo hayo si sawa. Mambo yaliyotendeka Mombasa yaliwapata wazee wetu. Na wewe uliyejifunza kusoma, yafaa uende ukayaone kwa macho yako.

Kwanza, matayarisho. Chagueni kiongozi mwenye kitambulisho, na mwombeni awaonyeshe. Kisha patana naye bei kabla ya kuondoka. Muulize mambo manne. La kwanza: je, fedha hizo ni za kundi zima au za kila mtu? La pili: tutaona mahali gani? La tatu: tutatembea kwa saa ngapi? La nne: tikiti ya kuingia ngomeni imo katika bei hiyo, au tutailipa mbali? Mmoja wenu aandike majibu katika daftari, kisha amsomee kiongozi kwa sauti ili wote wasikie. Kufanya hivi si kumvunjia mtu heshima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena kila mtu achukue kitambulisho chake cha uraia, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Vaeni viatu vya kutembelea na nguo za heshima, maana mtapita karibu na misikiti na milango ya nyumba za watu. Anzeni saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mahali pa kwanza ni Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Ngome ni jengo lenye kuta nene, lililojengwa kwa ajili ya vita. Hii ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe. Aliyeichora ramani yake alikuwa Mwitaliano, jina lake Giovanni Battista Cairati. Imesimama ukingoni mwa mlango wa bahari, ili mizinga yake iweze kuzuia kila chombo kinachotaka kuingia bandarini. Mwenye ngome ndiye aliyekuwa na bandari, na mwenye bandari ndiye aliyetoza ushuru. Ndiyo sababu watu wengi walikufa kwa ajili yake.

Mkifika langoni, msikimbilie kuingia. Inueni macho. Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1639. Mwombeni kiongozi awaeleze maana yake. Jiwe hilo linamsifu kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyetawala ngome tangu mwaka 1635. Linasema kwamba aliijenga upya, akawarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wa Wareno, akaziadhibu Pate na Siyu na kuzibomoa kuta za miji yao, akawaadhibu watu wa bara ya Mombasa, na kwamba huko Pemba aliwaua wakubwa wa nchi. Linasema pia kuwa watu wa pwani walikuwa wameasi kwa sababu ya mfalme wao dhalimu.

Sasa, wanafunzi, fikirini. Je, huyo mfalme dhalimu ni nani? Jina lake ni Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614 katika ugomvi na Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na Wareno, akabatizwa, akaitwa Jerónimo Chingulia. Akarudishwa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na baadaye wakauawa Wareno wengi wa mji, pamoja na wanawake na watoto. Mwaka uliofuata akaiacha Mombasa, na Wareno wakairudia.

Mtu aliyeuawa babake, naye akaua, alikuwa na maneno ya kusema. Mtu wa Pate aliyebomolewa ukuta wa mji wake, yeye pia alikuwa na maneno ya kusema. Lakini maneno yaliyo juu ya lango ni ya upande mmoja tu, upande wa yule aliyekuwa na kalamu, na fundi wa kuchonga, na lango la kuwekea jiwe. Kwa hiyo mnaposoma maandishi yoyote, yawe ya jiwe au ya gazeti, jiulizeni maswali mawili. Nani ameandika? Na nani hakuandika? Msomaji anayeuliza hivyo hadanganywi kwa urahisi.

Haya, tuingie ndani. Mtaona mizinga, visima, na mabaki ya kanisa la Wareno. Mtaonyeshwa pia michoro waliyoichora askari na mabaharia wa Kireno ukutani: merikebu, watu na samaki. Itazameni vizuri. Waliochora walikuwa mbali na kwao, nao walitaka kuacha alama.

Kiongozi atawaeleza habari za mazingiwa makubwa. Kuzingira mji au ngome ni kuizunguka na kuizuia, ili walio ndani wasipate chakula wala msaada. Waarabu wa Omani waliizingira ngome hii mwezi wa Machi mwaka 1696. Ilianguka mwezi wa Desemba mwaka 1698, yaani baada ya miezi thelathini na mitatu. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waafrika wengi, na miongoni mwao Waswahili kutoka Faza. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna, iliyokuja kuleta msaada, ilizama karibu na ngome. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi waliichunguza huko chini ya maji, na baadhi ya vitu vyake mtaviona katika makumbusho.

Baada ya Wareno walikuja watawala wengine: maliwali wa Omani, kisha ukoo wa Mazrui, kisha Sayyid Said wa Unguja, ambaye aliishika Mombasa kabisa mwaka 1837. Waingereza walipokuja waliifanya ngome kuwa gereza, tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958. Fikirini: kwa miaka zaidi ya sitini, mwenyeji aliyevuka lango lile mara nyingi aliingia akiwa mfungwa. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi mtu wa Mombasa huingia kwa tikiti yake mkononi, akatoka atakapo. Nataka nanyi mwingie hivyo.

Kuna jambo moja zaidi kabla hatujatoka. Mtaonyeshwa njia iliyochongwa katika mwamba, inayoteremka kuelekea baharini. Kiongozi mmoja atasema ilikuwa njia ya kupokelea vyakula na vitu kutoka vyomboni. Mwingine atasema ilikuwa njia ya kupitishia watumwa. Mfanyeje? Muulizeni kwa adabu: "Bwana, habari hii umeipata wapi? Imeandikwa, au imesimuliwa?" Kisha someni kibao cha makumbusho, mlinganishe. Biashara ya watumwa ilikuwako kweli katika pwani hii, na iliwatesa watu wengi mno. Kwa sababu hiyo hasa haifai kuizungumza kwa kubahatisha. Wafu wale wanastahili kusemwa kwa ukweli. Kiongozi mwema hafurahii kundi lililo kimya. Humfurahia mtu anayeuliza.

Sasa tumetoka, na jua limeanza kupanda. Tunaingia katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Soma kibao. Labda utasema mwandishi amekosea, kwa kuwa mwalimu amekufundisha kuandika "njia". Hakukosea. Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na katika Kimvita njia ni ndia. Lugha ya kitabu ni nzuri, nayo lugha ya nyumbani ni nzuri, na mtu hodari huzijua zote mbili.

Tembeeni polepole. Tazameni milango iliyochongwa nakshi, na roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia. Kumbukeni kwamba watu wanakaa humo. Wamo wanaopika na wamo wagonjwa waliolala. Piga hodi, toa salamu, wala usimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Mtu mzima akiwa barazani, mwamkie: shikamoo. Pengine atawaambia habari ambazo kiongozi hazijui.

Mtaona Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe. Inasemekana ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome yenyewe, na mpaka leo watu wanasali humo. Mbele kidogo iko nyumba ya Leven. Jina hilo ni la manowari ya Kiingereza iliyofika mwaka 1824 pamoja na Kapteni Owen. Chini yake iko Bandari ya Kale. Zamani majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja hapa kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa pepo za kusi. Meli kubwa siku hizi huenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Hapo pumzikeni kidogo. Nunueni mahamri na kahawa chungu, kaeni kivulini, nami niwaambie habari ya mwisho.

Katika mji huu alikaa mshairi aitwaye Muyaka bin Haji. Alifariki karibu na mwaka 1840. Alitunga mashairi ya vita, ya siasa, ya mapenzi na ya mambo ya kila siku, na watu wakayajua kwa moyo. Muyaka alipofariki, mashairi yake yangaliweza kufa pamoja na wale waliomsikia. Hayakufa, kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyahifadhi akayaandika, na Mwingereza mmoja, Padre Taylor, akayakusanya kwa msaada wake. Yalipigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mwenyewe kufariki.

Basi linganisheni. Kapteni wa Wareno alijiandikia jiwe la kujisifu, na jiwe lipo. Muyaka hakuwa na jiwe, lakini alikuwapo mtu mmoja aliyejua kuandika na aliyeona kwamba maneno ya mji wake yana thamani. Hayo ndiyo yaliyonifanya nichague somo hili. Katika vijiji vyenu wamo wazee wanaojua kisima kilichimbwa na nani, njia ya zamani ilipita wapi, na mwaka wa njaa watu walikula nini. Wengi wao hawakupata nafasi ya kujifunza kuandika. Ninyi mmeipata. Mzee akifariki kabla hujamwuliza, hakuna kiongozi wala makumbusho atakayeweza kukurudishia habari zake.

Ikifika saa sita mtasikia adhana. Mlipeni kiongozi kama mlivyopatana, mshukuruni, mrudi nyumbani.

Maneno ya somo
Ngome: jengo imara la vita.
Matumbawe: mawe ya baharini yanayotumika kujengea.
Kuzingira: kuzunguka mahali na kuzuia watu wasitoke wala wasiingie.
Nakshi: mapambo yaliyochongwa.
Makumbusho: nyumba ya kuwekea vitu vya zamani ili watu wavione.

Maswali
1. Kabla ya kuondoka, utamwuliza kiongozi mambo gani manne?
2. Ngome ilizingirwa kwa miezi mingapi, na ilianguka mwaka gani?
3. Jiwe la langoni linasema maneno ya nani? Maneno ya nani hayamo?
4. Kwa nini mashairi ya Muyaka hayakupotea?

Kazi ya juma hili
Mwendee mzee mmoja wa mahali pako. Mwulize habari za mahali pamoja tu: kisima, mti, njia au nyumba. Andika sentensi tano. Katika sentensi ya tano taja jina la mzee aliyekupa habari hizo, na tarehe aliyokueleza. Kisha msomee uliyoandika, naye asahihishe palipokosewa. Lete daftari lako darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.