Mwili Ndio Hisa ya Kwanza

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi

  Akina mama, hoyee!

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka 10 siyo mchezo. Habari za hisa, mikopo na faida mtazisikia kwa Katibu na Mweka Hazina, nao watasema vizuri kuliko sisi. Sisi tunaomba tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni afya na usalama wetu katika kazi.

Tunasema hivyo kwa sababu sanduku letu lina kufuli 3, lakini fedha iliyomo ndani haitoki hewani. Inatoka mgongoni, mikononi na miguuni mwa akina mama hawa mnaowaona. Mgongo ukilala, hisa nayo inalala. Mwenzetu mmoja alipanda juu ya nguzo ndani ya bani kupanga fito za tumbaku, akateleza, akaanguka, akavunjika mguu. Mfuko wa jamii ulilipa matibabu na tulimpelekea chakula. Lakini msimu ule wote ulimpita, na mkopo ukabaki unamsubiri. Yeye hana mwajiri, kwa hiyo hakuna wa kumlipa fidia.

Ndugu Mgeni Rasmi, sheria ipo. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo wakala wa serikali, OSHA, wa kuisimamia. Ipo na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Hayo tunayashukuru sana. Lakini mtu akisikia "mahali pa kazi" anafikiria kiwanda au ofisi. Sisi mahali petu pa kazi ni shambani, ni kwenye bani, ni jikoni, ni sokoni, ni kwenye cherehani barazani. Mwajiri ni mimi mwenyewe na mfanyakazi ni mimi mwenyewe. Sasa mkaguzi awe nani? Lazima tukaguane sisi kwa sisi.

Tukianza na tumbaku, kwa kuwa ndiyo zao letu la fedha hapa Tabora na Urambo. Wengi tumezoea kusema ukichuma tumbaku na kutapika, umerogwa au una malaria. Hapana, wenzangu. Jani bichi lina sumu iitwayo nikotini. Jani likiwa na umande au maji ya mvua, sumu ile inaingia mwilini kwa kupitia ngozi, hata kama hujawahi kuvuta sigara maisha yako yote. Ndipo unapata kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu na mwili kuishiwa nguvu. Hapo hatusemi mtu asiende kupima malaria. Aende, na amweleze mganga wa zahanati kwamba alikuwa anachuma tumbaku mbichi.

Kinga yake siyo ghali. Tusubiri umande ukauke. Tuvae glavu, nguo za mikono mirefu na aproni ya nailoni. Nguo ikilowa tuibadilishe, na tukirudi nyumbani tuoge kwa sabuni kabla hatujambeba mtoto. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wapumzishwe kuchuma. Na watoto wakae shule, kazi hiyo siyo yao.

Dawa za kunyunyizia nazo ni hivyo hivyo. Upepo uwe mgongoni kwako, siyo usoni. Na lile kopo likiisha dawa lisigeuzwe kuwa la maji ya kunywa wala la mafuta ya kupikia, hata lioshwe mara ngapi.

Sasa tuje kwenye mzigo. Mji wetu huu ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wanyamwezi walisifika kote kwa upagazi katika karne ya 19. Lakini yapo mambo mawili ambayo hayasemwi sana. La kwanza, mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake, kiasi cha ratili 70 hivi, ambazo ni kama kilo 32. Tajiri akizidisha, wapagazi waligoma mpaka apunguze. Hawakuwa wavivu wale. Walijua safari ni ndefu na mwili ni mmoja. La pili, wanawake nao walikuwamo katika misafara, wakibeba vyungu na chakula.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na upagazi wa masafa ukaanza kufa. Lakini kichwani kwa mwanamke mzigo haujashuka mpaka leo. Kuni ni sisi, maji ni sisi, mahindi ni sisi. Gunia la kilo 100 ni mara 3 ya mzigo wa mpagazi, na bado mtu anamwambia mwenzie, "Hebu jitwishe tu, si karibu!" Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi sisi wajukuu wa wapagazi tumeshindwaje kuweka kipimo? Gunia ligawanywe katika mifuko midogo. Mzigo wa chini uinuliwe kwa kukunja magoti, siyo kwa kukunja mgongo. Mzito wainue wawili. Na penye baiskeli, baiskeli ibebe, hata kama mwenyewe ni baba.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli, lakini siyo kuinama kutwa nzima. Wakati wa kuchambua tumbaku tunakaa chini toka asubuhi mpaka jioni katika vumbi. Tuweke meza, hata ya fito, tukae kwenye viti, tufungue madirisha, na kila baada ya muda tuinuke tujinyooshe. Jiko nalo linaweza kuinuliwa kwa matofali ya udongo mpaka usawa wa kiuno, likawekwa na bomba la kutolea moshi. Jembe liwe na mpini mrefu. Mwenye cherehani akae kwenye kiti cha kumfaa, siyo ndoo iliyopinduliwa.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu tutawaletea wanachama mapendekezo 4:

1. Mfuko wa jamii ununue glavu na aproni kwa jumla, kila mwanachama alipe kidogo kidogo.

2. Kabla ya msimu, bani la kila mwanachama likaguliwe na wenzake watatu: nguzo, ngazi, na mahali pa moto.

3. Mwanachama mjamzito asaidiwe kuchuma kwa zamu.

4. Mtaalamu wa afya na afisa kilimo waalikwe mara moja kila msimu.

Kwako Mgeni Rasmi, na kwa ndugu wa chama cha msingi, ombi letu ni moja. Mnapoagiza mbolea na dawa za mkopo, vifaa vya kujikinga navyo viwemo katika orodha ile ile, na vifike kabla ya kuchuma, siyo baada.

Wenzangu, tumeweka akiba ya fedha kwa miaka 10. Tuanze sasa kuweka akiba ya mwili. Hisa ukikosa wiki hii utaleta wiki ijayo. Mgongo hauna wiki ijayo.

 

Akina mama, hoyee! Afya zetu, hoyee!