Maji Yapewe Njia Kabla ya Nyasi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilipokutana Kahawa Sukari)

Tumeombwa tuwaeleze juu ya uwanja wetu wa watoto na bustani iliyo kando yake. Tutaanza na makosa, kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha.

Kwanza tulichanga pesa, tukanunua nyasi, tukapanda kwa furaha. Fundi mmoja akatuambia tumwage mchanga juu ya udongo, maji yatanywewa yenyewe. Tukamwaga. Masika yakaja, uwanja ukawa bwawa! Nyasi zikaoza, mbu wakazaliwa, pesa ya wanachama ikaenda na maji.

Kosa lilikuwa nini? Chini kulikuwa na ule udongo mweusi unaonata. Ukilowa unavimba na kujifunga. Ukikauka unapasuka nyufa. Mchanga mwembamba juu yake ni kama blanketi juu ya beseni: maji yanashuka kidogo, halafu yanakwama pale pale.

Basi tukakasirika, tukachimba mtaro wa haraka kutoa maji nje. Tukayatoa kweli, lakini yakaingia kwa mama jirani, mjane, yakazamisha sukuma wiki yake yote. Alikuja akasimama katikati ya uwanja, akatuuliza, "Watoto wangu, mmeona shida yenu, mkaniletea mimi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tuliona haya, jamani. Tukakaa naye chini, tukaomba msamaha, tukaanza upya naye akiwa ndani ya mpango.

Sasa sikilizeni tulivyofanya mara ya pili.

Tulianza kwa kupima. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini, lijaze maji, uliache lilale. Asubuhi lijaze tena, upime. Maji yakishuka chini ya inchi moja kwa saa, udongo hautakusaidia. Lazima uyatengenezee maji njia. Halafu mvua iliponyesha tulivaa gambuti, tukatembea na vijiti, tukachomeka kila mahali maji yanapoingia na yanapotuama. Maji hufuata mkondo, na mkondo huo unauona siku ya mvua tu.

Tulipiga hesabu pia. Uwanja wetu una mita 60 kwa 40. Mvua ya milimita 10 tu inaumwagia lita 24,000, yaani madramu 120 ya lita 200. Na hayo ni yale ya kutoka mbinguni! Hapa Kahawa Sukari nyumba zimeongezeka na viwanja vimewekwa kabro, kwa hiyo maji ya mapaa na ya barabara yanashuka kwetu pia. Paa la mita 10 kwa 10, mvua hiyo hiyo, linatoa lita 1,000. Ndiyo maana tunawasihi majirani wa juu wakinge maji kwenye matangi.

Kazi ya kwanza ikawa mtaro upande wa juu, kukinga maji ya wageni kabla hayajaingia. Kingo zake tulizilaza na kuzipanda nyasi zisimomonyoke.

Ya pili, tulisawazisha uwanja uinamie upande mmoja: kila mita 10, sentimita 10 kushuka. Ardhi yetu ilikuwa na mteremko tayari. Kama yako ni tambarare, ipe mgongo kama wa kobe, katikati juu, pembeni chini. Kipimo chetu kilikuwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Maji husimama sawa ncha zote mbili. Udongo huo tuliushika ukiwa mkavu tu. Ukiukanyaga umelowa unakuwa tofali.

Ya tatu, palipotuama tulichimba mitaro myembamba, tukaweka bomba lenye matundu, kokoto juu yake, kisha mchanga mkubwa mpaka usawa wa ardhi. Msiufunike tena kwa udongo mweusi, mtaziba mlango.

Nyasi zikaja mwisho. Tulitumia nyasi ya Kikuyu, ya nyanda zetu za juu. Wageni waliipeleka mpaka Australia na California, wakapanda viwanjani, nasi tunaikanyaga bila kuijali! Inatambaa haraka na kuziba vidonda. Lakini iwekeeni mpaka, maana itaingia kwenye mboga.

Na maji yanaishia wapi? Pamoja na yule mama tulichagua pembe ya chini, tukapanda nduma na migomba inayopenda unyevu. Mikalitusi hatukuikaribisha, kwa sababu mizizi yake huingia kwenye mabomba. Leo mama huyo anavuna nduma pale, na ndiye anayetuita mtaro ukiziba.

Kwa maana mtaro huziba! Karatasi za plastiki na majani vinatosha kuharibu kazi yote. Chama cha vijana cha MYSA kule Mathare, kilichoanzishwa 1987, kiliweka kanuni kwamba timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Sisi pia kabla ya mechi tunazoa mitaro kwanza.

Wenzetu, masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Uwanja mmoja hauwezi kuzuia mafuriko ya namna hiyo. Lakini kila kikundi kinaweza kuhakikisha maji yake hayamwangukii jirani. Mkirudi nyumbani, msianze kununua nyasi. Ngojeni mvua, mbebe vijiti, na yule wa chini yenu mmwite atembee nanyi.

Anayetaka kuona mitaro, twende sasa hivi, iko hapa nyuma.